Adeniamu kwa mbegu: kuwahisha ua la kwanza hapa Mtwara

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za saa hizi. Swali mlilonipa ni hili, ukiotesha adeniamu, lile waridi la jangwa lenye shina nene chini, kwa mbegu unasubiri ua mpaka lini? Mche ukitunzwa unaweza kuchanua kwenye miezi 8 mpaka 12, ukitelekezwa unafika hata miaka 3. Kuna dada kaniuliza pale nje kuhusu airisi, zile za Ulaya, ni nzuri kweli lakini mbegu zake nyingi zinataka baridi ya wiki kadhaa ndo ziamke, alafu ua mwaka wa pili au wa tatu, kwa joto letu hili usipoteze hela yako. Adeniamu ni ya Afrika hii hii, joto ndo inalitaka.

Mbegu iwe mpya. Loweka masaa machache, ilaze juu ya mchanga mnene uliochanganywa na mkaa uliopondwa, ifunike kidogo tu, siku 3 mpaka 7 inatoka. Pandeni mwezi wa 9 au wa 10, mvua za Desemba zikija zikute shina limeshanenepa chini, maana mche mchanga ukilala kwenye maji unaoza na hakuna dawa ya kuurudisha.

Sasa kuwahisha. Jua jamani, jua! Watu wanaweka chungu chini ya mwembe eti kisiungue, miezi inapita ni majani tu. Ukishauzoesha taratibu utoe nje ule jua la kutwa. Yurea pia punguzeni, inajaza majani, tafuteni mbolea yenye fosforasi na potasiamu ya kutosha. Na msikate kichwa kabla haujachanua, ua linatoka nchani, ukikata unapata matawi mengi sawa ila ua la kwanza unalisogeza mbele. Juni mpaka Agosti punguza maji, lakini mche wa mwaka wa kwanza usiukaushe kabisa, utasimama kukua.

Rangi ya mama haifuatwi na mbegu, hilo mteja aambiwe kabla hajalipa. Anayetaka rangi ileile abebeshe, kama mnavyobebesha mikorosho, kikonyo, yaani kijiti unachokiunganisha kwenye mche, kikitoka kwenye mti ulioshachanua kinatoa maua baada ya miezi michache. Ila vaeni glavu, utomvu wake ni sumu, zamani ulipakwa kwenye mishale ya kuwindia, kwahiyo kisu cha kubebeshea kisirudi jikoni na watoto wasichezee vipande vilivyokatwa.