Muhuri Unaopigwa Mara Moja: California na Uuzaji wa Mitambo ya Umeme

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie udhibiti wa uuzaji wa mitambo ya kufua umeme. Nitabaki California tu, maana kule kila kosa limeandikwa kwenye sheria na yeyote anaweza kulisoma.

Kwanza tuwekane sawa. PG&E na Southern California Edison ni kampuni za umeme za wanahisa, si mali ya serikali. Lakini kwa kuwa zinahudumia umma, zinasimamiwa na Tume ya Huduma za Umma iliyoko San Francisco. Kifungu cha 851 cha sheria ya jimbo ya huduma za umma kinazikataza kuuza mali inayotoa huduma hadi Tume ipige muhuri.

Mwaka 1996 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kufungua soko, AB 1890, bila kura hata moja ya kupinga. (Mimi muswada wa umeme ukipita hivyo huanza kuingiwa na wasiwasi.) Kampuni zikahimizwa kuuza mitambo ya gesi ili soko lisihodhiwe. Edison ikaiuzia kampuni ya AES mitambo ya Alamitos, Huntington Beach na Redondo Beach. Duke Energy wakachukua Moss Landing, Morro Bay na Oakland kutoka PG&E kwa dola milioni 501.

Msidhani masharti hayakuwepo. Kifungu cha 363 kilimtaka mnunuzi amwachie muuzaji kazi ya kuendesha na kutunza mtambo kwa angalau miaka 2. Kwa hiyo fundi wa Moss Landing aliendelea kuingia zamu palepale, kwenye mashine zilezile. Aliyebadilika ni yule anayeamua mtambo uwashwe lini na umeme wake uuzwe bei gani. Ajira ililindwa, mashine zikalindwa. Umeme wenyewe ndio uliosahaulika! Ukiacha mikataba ya kuwasha mtambo pale gridi, yaani mtandao wa umeme, inapouhitaji ili isiyumbe, mnunuzi hakufungwa kuwauzia wateja wa zamani kwa bei iliyopangwa, hata kwa miaka michache. Kampuni za usambazaji nazo zikatakiwa kwenda kununua kwenye soko la siku kwa siku.

Halafu kuna jambo ambalo naona wengi hulipita haraka. Mtambo ukishauzwa, bei ya jumla ya umeme wake inasimamiwa na tume ya shirikisho kule Washington. Tume ya San Francisco ilipopiga muhuri, ilitoa mitambo pamoja na mamlaka yake juu ya bei.

Desemba 1999 megawati-saa moja ya umeme kwenye soko hilo ilikuwa kama dola 30. Desemba 2000 ikapita dola 300. Ukame ulichangia, bei ya gesi ilichangia, na wapo wafanyabiashara waliochezea soko kwa makusudi. Lakini PG&E na Edison zilinunua kwa bei hiyo huku bei kwa mteja wao ikiwa imegandishwa kisheria. Tarehe 17 Januari 2001 mgao ukaanza kaskazini mwa jimbo. Aprili 6, PG&E ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Siku moja tu baada ya mgao kuanza, Gavana Gray Davis alisaini sheria fupi sana: hakuna mtambo wa kampuni ya huduma kwa umma utakaouzwa kabla ya Januari 1, 2006, na Tume ihakikishe mitambo iliyobaki inawatumikia walipa bili wa California. Ilichelewa kwa ile ya gesi. Ila PG&E ilikuwa imeshaomba kuachana na mitambo yake ya maji, takriban megawati 3,900, na hiyo ikabaki.

Moss Landing haikurudi. Tangu Duke, imepitia mikononi mwa LS Power, kisha Dynegy, kisha Vistra. Kibali cha kifungu cha 851 kilihitajika mara moja tu, PG&E ilipokuwa inatoka.