C.M.G. Argwings-Kodhek: Kutoka Kizimba cha Utetezi hadi Baraza la Mawaziri

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika kuzungumza juu ya Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya, ambaye wengi wetu siku hizi tunamjua kwa sababu ya barabara ya Nairobi yenye jina lake, na pengine tunalitaja pale tu tunapolalamikia msongamano wa magari. Sikuja kumsifu. Nimekuja na swali moja, nalo ni hili: ujuzi uliomfanya awe wakili wa kuogopwa ulimfaa kwa kiasi gani alipoingia katika siasa?

Alizaliwa mwaka 1923 huko Gem, Nyanza, akasoma Makerere, akafundisha kwa muda, kisha akapata nafasi ya kwenda Uingereza kuendelea na masomo. Serikali ya kikoloni ilipendelea Waafrika wasomee ualimu na kazi nyinginezo za kuajiriwa nayo, kwa kuwa mwajiriwa akileta ukaidi hufukuzwa kazi, ilhali wakili hula kwa jasho la wateja wake. Argwings-Kodhek alisomea sheria. Aliporudi Nairobi mwaka 1952 alikuwa na mke Mzungu kutoka Ireland, katika mji ambao makazi yake yalipangwa kwa rangi ya ngozi, kwa hiyo nyumba ya watu wawili kama hao haikuwa na mtaa wake. Alipewa kazi serikalini kwa mshahara ulio chini ya ule wa Mzungu mwenye sifa zile zile. Akaikataa na kuanza uwakili wa kujitegemea.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari ili kuwazima wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, na hapa inafaa tutue kidogo, kwa maana ndipo jina la Argwings-Kodhek lilipojengeka. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kulisha kiapo cha Mau Mau kulikuja kuwa kosa la kunyongwa, na hata kukutwa na risasi moja mfukoni kungeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Zaidi ya watu elfu moja walinyongwa katika miaka hiyo. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na jopo la raia wenzake. Mwafrika aliketishiwa wazee washauri ambao jaji alisikiliza maoni yao na kisha, akitaka, akayaweka kando. Katika mahakama ya namna hiyo wakili hakuwa na silaha kubwa zaidi ya kuuliza maswali madogo madogo: nani aliyempekua mshtakiwa, risasi hiyo ilikaa wapi kati ya kupatikana na kuletwa mahakamani, na maungamo yaliandikwa kwa lugha gani na mbele ya nani. Tukumbuke pia kwamba Argwings-Kodhek alikuwa Mjaluo, na wengi wa washtakiwa hao walikuwa Wakikuyu. Aliwatetea hivyo hivyo, wakati serikali ilipokuwa ikijitahidi kuonyesha kwamba vita vile ni ugonjwa wa kabila moja.

Mwaka 1955 serikali iliporuhusu tena vyama vya siasa vya Waafrika, iliviruhusu kwa ngazi ya wilaya tu, na Mkoa wa Kati ukaachwa nje. Argwings-Kodhek alitaka chama cha nchi nzima. Akalazimika kusajili Nairobi District African Congress. Ni kazi ya wakili hasa, kuchukua sheria mbovu na kutafuta upenyo uliobaki ndani yake. Lakini katika uchaguzi wa Machi 1957, ambapo Waafrika waligombea viti vinane na mpiga kura aliweza kuwa na hadi kura tatu kulingana na elimu, kipato na mali yake, Tom Mboya alimshinda jijini Nairobi. Mboya hakuwa na shahada ya sheria. Alikuwa na vyama vya wafanyakazi, yaani watu waliozoea kukutana, kuchanga na kufuata kauli ya kiongozi wao. Wakili hodari humshawishi jaji mmoja, na kesi ikiisha mteja hurudi nyumbani. Mwanasiasa anahitaji watu watakaorudi kesho. Kwa maoni yangu Argwings-Kodhek hakuwahi kujenga jeshi la namna hiyo mjini.

Bungeni aliingia mwaka 1963 akiwa mbunge wa Gem. Mwaka 1966 Makamu wa Rais Oginga Odinga alipojitoa KANU, chama tawala, na kuongoza KPU, chama cha upinzani, Argwings-Kodhek alibaki KANU, akawa Waziri wa Maliasili na baadaye wa Mambo ya Nje. Mwaka huo huo wa 1966 Bunge lilirudishia serikali uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na wafuasi kadhaa wa KPU wakakamatwa. Mtu aliyepata jina kwa kupinga mamlaka ya Hali ya Hatari sasa aliketi katika serikali iliyoyafufua. Wapo watakaosema kwamba waziri hufungwa na uamuzi wa pamoja, na ni kweli. Hata hivyo wakili anaweza kujitoa katika kesi, na waziri vilevile anaweza kujiuzulu.

Alifariki Nairobi tarehe 29 Januari 1969, katika tukio ambalo serikali ilisema ni ajali ya gari, na ambalo watu wengi wa Nyanza hawajaacha kulitilia shaka. Uchaguzi mdogo wa Gem ulifanyika Mei, na kiti chake kikachukuliwa na Wasonga Sijeyo wa KPU. Mboya aliuawa Julai. Mwishoni mwa Oktoba KPU ilipigwa marufuku, na Sijeyo, mbunge mpya wa Gem, akawekwa kizuizini bila kusomewa shtaka lolote mahakamani, asitoke hadi mwaka 1978.