Kabureta Inasingiziwa

Ndugu zangu, hili nimelisema vikao vingi na leo nalirudia: gari la spoti la zamani likimisi, yaani injini ikikatakata, mkono usikimbilie kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Mara nyingi kabureta ni nzima, inasingiziwa tu.

Tuchukue MGB, maana wengi mnaijua: ya Uingereza, 1962 hadi 1980, silinda nne, cc 1798, na nyingi zina kabureta mbili za aina ya SU.

Anza na tapeti, yaani ile nafasi ndogo kati ya valvu na roka, mkono unaoisukuma valvu ifunguke. Valvu ni nane, na kanuni ni tisa: ukipima ya 1, zungusha injini mpaka ya 8 ikandamizwe hadi mwisho, ukipima ya 3, iwe ya 6. Jumla siku zote 9. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya 0.38 mm ipite kwa kukwaruza kidogo. Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Pale roka inapogonga ncha ya valvu, miaka ikipita chuma huchimbika kishimo chenye upana wa ncha ile ile. Ulimi wa fila ni mpana kuliko kishimo, kwa hiyo unalala juu ya kingo zake kama ubao uliowekwa juu ya mtaro. Unasoma 0.38, kumbe nafasi halisi ni kubwa zaidi, na tapeti zinaendelea kugonga. Vua roka, igeuze kwenye mwanga, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, roka ikachongwe au ibadilishwe. Na tafadhali, msikaze tapeti kwa kukisia ili tu kelele ziishe! Valvu ya ekzosi hupoa inapokaa kwenye kiti chake. Tapeti ikibana mno, valvu haikai sawasawa, inaungua.

Baada ya tapeti, moto, yaani cheche za plagi. Pointi, ile swichi ndogo ndani ya distribyuta (kigawa moto) inayokata umeme ili cheche itoke, ziachane 0.35 hadi 0.40 mm, na nafasi hiyo iwekwe kabla ya taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, kwa sababu ukiigusa nafasi, taimingi nayo inasogea. Kisigino cha pointi, kile kinachosuguana na shafti, kikilika, nafasi hupungua, moto unachelewa, gari linakuwa zito na injini inachemka. Kipake grisi ndogo tu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Halafu shika shafti ya distribyuta uisukume kando. Ikicheza, bushi zinazoishikilia zimekwisha, na hakuna pointi mpya itakayotulia hapo.

Atatokea wa kusema, "Mimi nimefunga moto wa elektroniki, hayo hayanihusu." Yanakuhusu! Umeondoa pointi. Bushi iliyolika bado ipo, na springi zilizolegea za vile vizito vinavyowahisha moto bado zipo. Diaframu ya vakyumu, ile ngozi inayovutwa na mnyonyo wa injini ili kuwahisha moto, nayo ipo: nyonya mpira wake, kisha uzibe kwa ulimi. Mpira usipoushika ulimi, diaframu imetoboka.

Sasa, na si kabla, kabureta. Mafuta ya SAE 20 kwenye chupa iliyo juu ya kabureta. Sawazisha hewa ya zote mbili kwa kusikiliza mvumo kwa kipande cha bomba la mpira, injini ikiwa moto. Kisha inua pistoni ya kabureta kama 0.8 mm. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ukishuka, ni kidogo. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umepata.

Wanaotaka Weber 45, kabureta yenye koo kubwa, kwenye injini ambayo hedi (kichwa cha injini) na kamshafti (shafti inayofungua valvu) ni za kiwandani: koo kubwa hupunguza kasi ya hewa mzunguko ukiwa chini, petroli haichanganyiki vizuri, na gari linakohoa kila unapokanyaga. Hedi kwanza.

Muda umekwisha na breki sijazigusa, nazo ndizo zingetangulia kabla ya nguvu yoyote. Mafuta ya breki ya DOT 4 hunyonya maji. Badilisha kila miaka miwili. Hosi za mpira huvimba ndani huku nje zikionekana nzima. Gurudumu moja likibaki limeshikwa baada ya kuachia pedali, fungua niplo yake, ile ya kutolea hewa: likiachia, shuku hosi kabla ya kalipa, kile kinachobana pedi za breki.