Mto Usio na Kipimo

Swali la mlangoni, "Mwalimu, mto haukuwa na kipimo, yaani chombo cha kupima maji, utahesabu nini baada ya mafuriko?", nimelijibu hapa Bukavu mara nyingi, na leo nalijibu tena. Mei 2023, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe, Kivu Kusini, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400. Sikubali kwamba maji ya namna hiyo hayakuacha cha kupimwa.

Baada ya mafuriko nilifika kwa mama mmoja bondeni na futi yangu. Ukuta wa udongo ulikuwa na doa la maji, nikapima sentimita 160, nikaandika. Mama akanizuia: "Hapana mwanangu, huo ni unyevu umepanda. Maji yalifika huku." Akafungua kabati. Ndani, ubavuni, mstari mwembamba wa tope umenyooka kama uzi: sentimita 95. Udongo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta! Ningeongeza sentimita 65 za maji ambayo hayakuwapo.

Mtasema wazee husahau. Mwaka watausahau, kizingiti hawakisahau. Mama yule anasema tangu aolewe, 1979, maji hayakuwahi kuvuka kizingiti chake kabla ya mafuriko hayo. Hiyo nayo ni data, miaka zaidi ya 40, na watu wanaitupa kwa sababu haikuandikwa na mashine!

Sasa hesabu ya maji yaliyopita, kutokana na alama. Chukua mto wa upana wa mita 20, kina mita 2, mteremko mita 2 kila mita 100. Ukidhani mawe na vichaka vinayazuia maji sana, unapata kama mita za ujazo 115 kwa sekunde. Ukidhani vinayazuia kidogo, 200. Alama ni ileile. Basi andika zote mbili! Anayeandika 157, katikati ya hizo mbili, peke yake anamdanganya anayejenga daraja.

Tena mto huchimba chini yake wakati wa mafuriko, kina cha leo si cha siku ile. Na maji yaliyobeba mawe na matope hayaendi kama maji matupu. Hilo lataka siku yake.

"Mafuriko ya miaka 100", haraka: si kwamba yakija leo utapumzika miaka 99. Ni asilimia 1 kila mwaka. Ukikaa bondeni miaka 30, uwezekano wa kuyaona ni zaidi ya 1 kati ya 4.

Jumamosi tunashuka bondeni. Kila mtu na futi yake, na tukipiga hodi tuombe kwanza kuonyeshwa ndani ya makabati.