Kipindi cha wiki hii: EWI, mate na mama mwenye nyumba

ZUHURA: Haya jamani, ni sisi tena. Leo tuna mambo matatu kwa anayeanza EWI, ile ala ya kupuliza ya kielektroniki, ila Beka anza na ya juzi usiku.

BEKA: We acha tu. Chumba changu si unakijua, ukuta mmoja na mama mwenye nyumba. Sasa EWI USB haina sauti yake yenyewe, unaichomeka kwenye laptop, nimevaa hedifoni, saa tano usiku, mlango wazi kwa joto, napuliza zangu skala, noti za kupanda na kushuka. Mama anapita ananiona nimefumba macho nanyonya bomba jeusi, kimya. Akaniuliza, "Mwanangu, pumu imeanza lini?"

ZUHURA: (kicheko) Pumu!

BEKA: Akaangalia chini, "Na mate unanitemea sakafuni?"

ZUHURA: Si mate kweli?

BEKA: Mvuke! Pumzi ya moto inapoa ndani ya bomba, inakuwa maji, yanadondokea chini.

ZUHURA: Mi napuliza mdomo wa bata, saksafoni, miaka yote hii, maji hayo nayamwaga kila mazoezi. Mate yamo.

BEKA: Kidogo.

ZUHURA: Yamo!

BEKA: Sasa kila jioni ananiletea chai ya tangawizi, kifua kifunguke. Siwezi kukataa, mama wa watu anajali.

ZUHURA: Usikatae. Tangawizi na mate, kipindi kimeisha hicho. Ila Beka, anza na saksafoni, mdomo ufundishwe. Hata Michael Brecker alishakuwa gwiji wa saksafoni ndo akashika EWI.

BEKA: Na aliyeibuni, Nyle Steiner, alikuwa mtu wa tarumbeta, akaanza na EVI, ndugu yake EWI inayopigwa kwa vidole kama tarumbeta. Kampuni ya Akai ikaileta EWI sokoni 1987. Kila mtu kaingia kwa mlango wake. Kwenye EWI mdomo unaziba tu, unauma kidogo upate vibrato, ule mtikisiko wa sauti, kazi yote iko kwenye pumzi na vidole. Vitufe havibonyei, ukikigusa tu kwa ncha ya kidole noti imetoka. Kwenye saksafoni unapumzisha vidole juu ya funguo, hapa huwezi. Na oktavu, yaani kuhamisha noti juu au chini, ni roli, vigurudumu chini ya dole gumba la kushoto, likichelewa kidogo kuliko vidole vingine inaruka noti ya ajabu katikati. Hayo saksafoni itanifundisha?

ZUHURA: Itakufundisha sauti. Sauti inazaliwa mdomoni, kompyuta inakupa iliyokwisha kupikwa.

BEKA: Pumzi yangu ndo inaipandisha na kuishusha! Na saksafoni saa tano usiku kwetu nipigie wapi?

ZUHURA: Nenda ufukweni.

BEKA: Na kazini asubuhi?

ZUHURA: Mdomo kwanza.

BEKA: Sikubali.

ZUHURA: Wala mimi. Naonyeshwa dakika moja hapa, na yale mambo matatu hatujagusa hata moja.

BEKA: Basi shikeni hili tu, noti ndefu, moja moja, pumzi isitetemeke, ndo mguse roli.

ZUHURA: Hata kwa saksafoni ni hivyo hivyo. Haya, kwaherini.