Shingo Inapouma: Mgonjwa Amwone Lini Daktari wa Upasuaji?

ASHA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu wa Unguja na Pemba. Kaka Khamis, kazi yako ni mazoezi ya viungo, na wenye maumivu ya shingo huwaona kila siku. Wengi wanaamini kwamba anayehitaji kupasuliwa ni yule ambaye maumivu yake yamekuwa makali mno. Ndivyo?

KHAMIS: Waalaykum salaam, dada Asha. Sivyo, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anaweza kuamka shingo imekaza hata akashindwa kugeuza uso kutoa salamu mwishoni mwa sala, na baada ya wiki chache akapona kwa dawa za maumivu, maji ya moto na mazoezi. Mwengine shingo haimuumi sana, lakini vidole vimeanza kutomtii, na huyo ndiye ninayemhofia zaidi.

ASHA: Tofauti yao ni nini?

KHAMIS: Shingo ina pingili 7, yaani vijifupa vilivyopangana, na baina ya nyingi kati ya hizo mna diski, yaani kijito laini kinachozitenganisha. Diski ikitoka mahali pake, au mfupa ukiota vijimwiba kwa umri, mshipa mmoja wa fahamu unaoelekea mkononi unaweza kubanwa. Maumivu yake hushuka kutoka shingoni hadi vidoleni pamoja na ganzi, na humnyima mtu usingizi. Hata hivyo walio wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila ya kisu. Upasuaji huzungumzwa iwapo nafuu haikuja, au mkono unazidi kuishiwa nguvu. Kinachobanwa kikiwa ni ugwe mgongo, yaani shina lenyewe la mishipa ya fahamu linalopita ndani ya pingili, hilo ni jambo jengine kabisa.

ASHA: Mtu atalitambuaje akiwa nyumbani?

KHAMIS: Aangalie mikono na miguu kuliko shingo. Nilimpokea bibi mmoja anayeshona kofia za viua, ambaye alilalamika kwamba sindano inamponyoka bila ya yeye kujua, ingawa macho yake ni mazima. Nilimwomba afumbe na kufumbua ngumi haraka haraka. Mtu mwenye afya hufika mara 20 katika sekunde 10, lakini vidole vyake vilifunguka kwa uzito, kimoja baada ya chengine. Nilipomwomba atembee kisigino kikigusa ncha ya mguu wa nyuma, aliyumba. Watoto wake walikuwa wakisema ni uzee tu. Sikumpa zoezi lolote la shingo. Nilimpeleka kwa daktari ili apigwe picha ya MRI, yaani picha ya sumaku inayoonesha ndani ya shingo, pamoja na ugwe mgongo.

ASHA: Wapo wanaokwenda kunyooshwa shingo mitaani mpaka isikike ikilia.

KHAMIS: Nawaomba sana wasifanye hivyo, kwani ugwe mgongo uliobanwa unaweza kuumia zaidi. Ukikaa umebanwa kwa muda mrefu, madhara mengine hayarudi nyuma. Lengo la kwanza la upasuaji wa kuuondolea ugwe mbano huo ni kuzuia hali isizidi kuharibika, kwa hivyo anayewahi ana matumaini makubwa zaidi. Anayeanza kuyumba, miguu kuwa mizito, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, aende hospitali siku hiyo hiyo.

ASHA: Na picha ikionesha kwamba diski zimechakaa?

KHAMIS: Asitishike. Watu wengi waliovuka miaka 50 wana diski za namna hiyo na hawaumwi popote. Daktari hapasui picha. Picha lazima iafikiane na dalili na yale aliyoyakuta alipomchunguza mgonjwa.

ASHA: Ndugu zetu wa Pemba wanaoanguka mikarafuu msimu wa kuchuma, je?

KHAMIS: Huyo asiketishwe wala asibebwe mgongoni. Mtu mmoja amshike kichwa kiende sambamba na kiwiliwili, alazwe juu ya ubao, kwa sababu pingili iliyovunjika inaweza kukata ugwe pale anapoinuliwa. Vilevile, maumivu yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kupungua uzito yachunguzwe mapema, kwani kifua kikuu hushika hata mifupa, na mara nyingi dawa ndiyo tiba yake.

ASHA: Hospitali ya Mnazi Mmoja inafanya upasuaji wa mishipa ya fahamu. Mgonjwa aliyefikishwa huko amuulize nini daktari?

KHAMIS: Aulize ni kitu gani hasa kinachotarajiwa kupona. Mara nyingi daktari huingia kwa mbele ya shingo, akaiondoa diski na kuziunganisha pingili mbili. Sauti inaweza kukwaruza na kumeza kukawa na tabu kwa muda, na anayevuta sigara mifupa yake huchelewa kushikana. Upasuaji huu husaidia zaidi maumivu ya mkono kuliko ya shingo yenyewe. Anayeumwa shingo peke yake, mikono na miguu ikiwa salama, ni mara chache kisu kuwa ndiyo dawa yake.