Kipindi cha leo: Msaidizi, Msaidizi2 na MsaidiziMpya

ASHA: Karibuni tena. Leo ni klasi saidizi, vile vipande vya kodi, yaani maandishi ya programu, vinavyoitwa na kurasa nyingi. Kelvin leo sauti imemkauka, na mnaomjua mnajua hajatoka kwaya.

KELVIN: Nimegombana na kodi, dada. Nimekabidhiwa programu ya simu ya kuagiza maji ya kunywa, imeandikwa kwa lugha ya programu ya Kotlin. Mwenye nayo anafungua tawi Mombasa. Wateja wa kule wakijisajili wanaambiwa namba si sahihi. Namba zao zinaanza na 01.

ASHA: Na Kenya wanazo hizo tangu 2019!

KELVIN: Aliyeandika kaweka sharti: isipoanza na 06 au 07, kataa. Nikasema nabadilisha mstari mmoja, nalala. Wapi! Usajili una nakala yake, malipo yana yake, wasifu una wake. Halafu nakuta klasi saidizi, inaitwa Msaidizi. Nikapumua. Kufungua: tarehe, kupunguza picha, rangi za vitufe, sharti lilelile la 07, na juu ya hayo imeng'ang'ania Activity, yaani skrini ya Android, kwa hiyo skrini ukishaifunga haiondoki kwenye kumbukumbu. Pembeni kuna Msaidizi2.

ASHA: MsaidiziMpya je?

KELVIN: Ipo. Hakuna anayeiita.

ASHA: Hiyo iliajiriwa kwa kujuana.

KELVIN: Sasa subiri nikwambie hifadhidata. Watu wanavyoandika namba za simu, Asha!

ASHA: Wanaacha nafasi kila tarakimu tatu.

KELVIN: Hao ndio wastaarabu. Kuna wa +255, halafu sifuri, ndipo saba. Kuna aliyeweka herufi O mahali pa sifuri. Kuna aliyeweka namba mbili, mkwaju katikati.

ASHA: Huyo namwelewa. Ana simu mbili, na hajui leo ipi ina chaji.

KELVIN: Mwingine kamalizia na "usipige usiku".

ASHA: Ndani ya kisanduku cha namba? Si kibodi inatoa tarakimu tu?

KELVIN: Alinakili kwingine akabandika.

ASHA: Mama yangu mdogo huyo! Yeye angeongeza "nisipopatikana mpigie Baba Neema".

KELVIN: Na Baba Neema yumo! Kweli kabisa, kuna mtu kaandika "namba ya mume".

ASHA: Basi turudi kwenye mada, tuliahidi mambo matatu...

KELVIN: Bado wa mkwaju. Ujumbe wa uthibitisho unaenda namba ipi?

ASHA: Ya mume. Haya, kwa nini usitumie libphonenumber, ile maktaba ya Google ya kukagua namba za simu?

KELVIN: Nimeiweka. 01 ya Kenya inaijua, na inakurudishia namba kamili: +254 na tarakimu tisa, au +255 na tisa zake. Tunabishania mahali pa kuiita.

ASHA: Klasi moja, SimuMsaidizi. Inapokea maandishi, inarudisha namba safi au hakuna kitu. Haigusi skrini, haigusi mtandao, unaijaribu bila hata kuwasha simu. Imeisha.

KELVIN: Haijaisha. Kesho kijana mpya anatengeneza ukurasa, anasahau kuiita, wa mkwaju anaingia tena. Mimi nataka aina ya data yenyewe, NambaYaSimu. Huwezi kuiunda bila kupita kwenye ukaguzi, na malipo yanakataa kupokea maandishi ya kawaida. Ukisahau, programu haijengeki.

ASHA: Na kurasa zote zinazotumia maandishi leo? Unazivunja zote, na tawi linafunguliwa lini?

KELVIN: Mkusanyaji wa Kotlin, yule anayegeuza kodi kuwa programu, ananionyesha kila palipovunjika.

ASHA: Anakuonyesha, harekebishi! Mteja analipia maji yafike Mombasa, halipii usafi wa kodi yako.

KELVIN: Ndivyo Msaidizi2 alivyozaliwa, dada. Kila mtu alikuwa na haraka.

ASHA: Alizaliwa kwa sababu wa kwanza alibebeshwa rangi za vitufe. Klasi ikiwa na kazi moja, hakuna anayeizalia mdogo wake.

KELVIN: Sikubali.

ASHA: Usikubali, hata mimi nimebaki palepale. Fundi mitambo ananionyesha dakika moja.

KELVIN: Na yale matatu? Majina, majaribio, lini ufute klasi?

ASHA: Moja tu: MsaidiziMpya, futa leo.

KELVIN: Nikifuta na ikaitwa na kitu ambacho sikukiona?

ASHA: Mpigie Baba Neema. Kwaherini jamani.